Ngozi Mpya ya Mwanao

Dada mpendwa,

Huku maabara ya chuo hatujambo. Profesa wetu amepata mjukuu, siku hizi anaimba hata akiosha mikono.

Ile ngozi tuliyokuwa tukiiotesha kwa seli shina za mwanao ilianza vizuri, nikakuandikia kwa furaha. Wiki hii imetoka malengelenge yale yale anayotoka yeye, ikabambuka. Nikamwuliza profesa kama tuanze upya. Akasema, "Ugonjwa umo ndani ya seli zake zenyewe, tutapata hivyo hivyo. Mwambie dada yako asimlete."

Basi, msifunge safari. Endelea kumfunga bandeji taratibu. Akiuliza ngozi yake mpya iko wapi, mwambie mama mdogo bado anaishona. Mimi nikimtazama usoni nitashindwa kumdanganya.

Ni mimi, mdogo wako.