Shangazi wa Kahawa Mbichi

Jumanne, 15 Julai 2025

Leo nimebishana na Mwalimu Elpidius mpaka kengele ikalia. Ni ile hadithi fupi ya zamani, ya kijana anayerudi kwao kumuona baba yake mgonjwa, mzee anafariki mwishoni. Swali: wahusika wadogo na ishara za rangi. Kuna shangazi mmoja, ana sentensi moja tu! Anachuma kahawa nyuma ya nyumba, kikapu kimejaa kijani. Basi, harudi tena.

Mwalimu anasema kijani ni tumaini na rutuba, andikeni. Nikasema hapana – mwandishi hajui kahawa, nani anachuma mbichi? Darasa zima likacheka. Gloriose akasema huyo shangazi angechuma hivyo kwa mama yangu angekiona cha moto. Kweli kabisa! Mama alishanichapa kwa punje chache tu za kijani. Chama cha msingi cha wakulima hawazipokei, na yeye hataki aibu.

Eti nikiandika hivyo kwenye mtihani napata sifuri. Shauri yake.

Alhamisi, 17 Julai

Matroni kaniita kwenye simu yake. Mama! Tata, baba yangu, ameruhusiwa hospitali! Muda wote ule Bukoba, sasa yuko nyumbani Kibingo. Nikauliza, amepona? Mama akasema daktari ametaka akapumzike nyumbani, anakula vizuri, mimi nisome tu.

Nimerukaruka kama mtoto. Matroni hakucheka. Huyo naye, hata harusini hachekagi.

Ijumaa, 18 Julai

Nimepata ruhusa ya kwenda kumuona! Mkuu wa shule, yule wa "mzazi aje mwenyewe", kasaini bila hata kuniuliza swali. Sikubembeleza. Ajabu.

Jumamosi, 19 Julai

Boda kanishusha uani. Tata yuko kitandani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia taratibu, nikamshika mkono – mwepesi, mifupa tu. Jamani, Tata wangu aliyekuwa akibeba mkungu wa ndizi begani huku anapiga mluzi!

Akanitania, Kemilembe, unawasumbua walimu bado? Nikamsimulia habari za shangazi. Alicheka kidogo, akakohoa sana, akasema mwandishi huyo aletwe kwa Mama afundishwe. Kisha akasinzia. Uji uko pale pale kwenye kikombe, umeota ngozi juu.

Nikamfuata Mama nyuma ya nyumba. Yuko kwenye mibuni. Nikamuuliza, Mama, daktari alisema nini hasa? Hakugeuka. Akasema anaendelea vizuri, kesho tutamchemshia kuku. Mikono inachuma haraka haraka.

Nikachungulia kikapu.

Kijani. Kijani tupu! Nyekundu ziko mtini, zimening'inia mbele ya uso wake, Mama hazioni.

Mwandishi alijua kahawa. Alijua vizuri kabisa. Mimi ndiye niliyemcheka.

Natamani anigombeze, anichape, chochote. Nilitaka kumwambia, Mama, unachuma mbichi. Nikisema, itabidi aniambie na lile lingine, la daktari. Naogopa! Nimekaa chini ya mgomba naandika kwa sababu sijui kingine cha kufanya. Kikapu kimejaa, zinamwagika miguuni pake, bado anachuma.

Tata anaita kutoka ndani, sauti ndogo. Sijui anamwita nani. Mama amesimama, mkono uko juu ya tawi. Amesikia. Ananisubiri mimi niende, na mimi namsubiri yeye.

Anaita tena.