Nilimpeleka Baba Mkwe Kupimwa Masikio

Shoga, usipige simu. Andika tu, utaelewa kwa nini.

Si unajua mwaka mzima nalalamika kwamba baba mkwe hasikii? Anakaa kulia kwangu mezani, namsemesha, kimya. Leo nimempeleka kwa daktari wa masikio, pua na koo. Daktari akatutuma chumba cha pili, kwa mtaalamu wa kupima usikivu. Kumbe ni watu wawili tofauti.

Mzee kavalishwa vidude masikioni, abonyeze kitufe kila akisikia mlio. Kabonyeza yote. Yote, shoga.

Mtaalamu akanigusa bega la kulia. "Mama, nimekuuliza mara tatu unafanya kazi gani."

Mara tatu.

Nikamwambia nasaga unga mashineni, injini ikinguruma kulia kwangu, mwaka wa kumi na nane huu. Akasema, "Basi kaa wewe sasa."

Sikio langu la kulia limekufa zaidi ya nusu. Daktari anasema halirudi, ila kifaa kitanisaidia.

Tulipotoka, mzee akazunguka akaja upande wangu wa kushoto.

"Mwanangu, mimi nilikuwa nakujibu siku zote. Nikadhani umenichoka."

Hilo nimelisikia lote.