Kabla ya Upasuaji wa Alhamisi

Mpendwa Baba Njeri,

Nina habari. Tangu jana nimeshindwa kutulia, mpaka Njeri wetu akaniambia, "Mama, keti, unazunguka nyumba kama bi harusi." Nikamwambia aniletee karatasi, nina mtu wa kumwandikia. Hakuuliza ni nani.

Nianze na daktari. Ni mwanamke, umri wake kama wa kitindamimba wetu. Alinipima kwa upole, akavua glavu, akaketi kitandani kando yangu. Akasema kizazi kimeshuka chote kikatoka nje, na kwamba hajui nimetembeaje nacho. Kukiondoa kabisa ni upasuaji mrefu, na huu moyo wangu unaochoka kwa ngazi chache hautauweza.

"Lakini kuna mwingine mfupi, shosho," akasema, kama anaongea na bibi yake. "Tunakirudisha ndani, tunashona njia, tunaifunga. Utachomwa sindano ya ganzi mgongoni, hutalala. Ila tukishafunga, hatufungui. Hapo mambo ya mume na mke yamekwisha. Mzee yuko? Aje tuongee naye, atie sahihi."

"Yuko Lang'ata."

"Basi si mbali. Aje kesho."

"Daktari, yuko makaburini."

Alijiziba mdomo. Kisha mimi nikacheka, naye akacheka, hata muuguzi akachungulia kuona kuna nini. Akaniambia basi niende nyumbani, nifikirie na kuamua mwenyewe. Lakini mambo makubwa nimezoea kuyafikiria nawe, ndiyo maana nakuandikia.

Unakumbuka chumba chetu cha mtaa wa Jericho, pazia ulilotundika kwenye waya, watoto wamelala upande wa pili? Ulikuwa ukiongeza sauti ya redio kidogo, ukidhani wewe ni mjanja. Asubuhi Mama Mutua, jirani yetu wa ukuta mmoja, ananingoja mferejini na debe lake: "Mwalimu, jana taarifa ya habari ilikuwa ndefu." Nawe ulipita kwenda karakana bila kumtazama, masikio yameiva kwa aibu.

Kisha akazaliwa kitindamimba, yule mtoto mzito aliyenitesa kwa uchungu kutwa nzima. Nilirudi kubeba maji mapema mno. Siku moja, debe likiwa kichwani, nilihisi kitu kinateremka na kuketi katikati ya mapaja, mfano wa yai. Nilidhani nakufa. Sikukuambia. Nilimwambia Mama Mutua, naye akanishika mkono akasema, "Hata mimi ninacho, mwalimu. Tuko wengi, hatusemi tu." Akanifundisha kukunja leso na kujifunga tumbo. "Kaza. Kaza mpaka upumue kwa ruhusa."

Nikakaza miaka na miaka. Wewe ulidhani natafuta kiuno. "Unajikaza hivyo kwa ajili ya nani? Mwalimu mkuu?" ulinitania, nami nikacheka na wewe. Jana daktari alipoiona ile leso alitikisa kichwa. Kumbe ukilibana tumbo juu, uzito wote unasukumwa chini. Mimi na Mama Mutua tulikuwa tunakishusha kwa mikono yetu wenyewe, na mimi darasani nilikuwa nikiwafundisha watoto kwamba ukibana mfuko wa maji, maji hutafuta pa kutokea.

Sasa nifike pale ninapopaogopa. Nilikuomba kitanda changu peke yangu, nikasingizia mgongo. Hukubisha. Wewe fundi wa mbao ulinilaza sakafuni ukanipima kwa ile rula yako ya kukunja, ukiniambia nisipumue, eti bei ya mbao imepanda. Ulikipiga msasa mpaka kikawa laini kila pembe, nguo yangu isikwame. Jioni ile ulipokiingiza ndani uliketi ukingoni mwake, vumbi la mbao bado liko kwenye nyusi, ukaniuliza, "Nimekukosea nini?"

Nikasema, "Hujanikosea. Watoto wamekua, wanasikia."

Ukaitika kwa kichwa. Hukuniuliza tena hadi ulipofariki, na najua hukuamini.

Jibu la kweli ni hili, Baba Njeri. Hukunikosea kitu. Sikuchoka nawe hata siku moja. Nilikuwa nikikusikia ukijigeuza ng'ambo ya chumba, nikatamani kuvuka. Nilizuiwa na aibu, niliogopa mkono wako ukute kitu ambacho hata mimi sikujua kukitaja. Nilidhani ungeniona nimeharibika. Leo nakumbuka ulivyokuwa ukikishika kiti kilichovunjika mguu, ukikigeuza taratibu kutafuta pa kuanzia, na nashangaa niliwezaje kukufikiria hivyo.

Nilidhani nikiandika haya nitalia. Badala yake najisikia mwepesi, na njaa imeniuma. Nimekula maembe mawili katikati ya barua.

Njeri hataki nipasuliwe. "Umevumilia miaka yote hii, mama. Moyo ukisimama pale mezani?"

"Ukisimama, utakuwa umenikuta nataka kitu," nikamjibu. "Si kama sasa, nimekaa tu naungojea usimame."

Ameninunia, lakini ameanza kunifulia kanga za kwenda nazo hospitali. Nataka kupiga magoti kanisani mbele ya meza ya Bwana, nisiletewe mkate kitini. Nataka kucheka bila kubana miguu kwanza. Nataka kutoka hapa mtaa wa Umoja kwa miguu hadi Mowlem, anakoishi Mama Mutua na mwanawe siku hizi, nimwambie kinatibika, na kwamba daktari ni mwanamke na hacheki mtu.

Kilichobaki kunisumbua ni ile njia kufungwa. Niliona kama nakufungia nje tena, safari hii kwa uzi. Nimelala na wazo hilo, nimeamka nalo. Lakini hakuna mwanamume aliyeijua ila wewe, na watoto wetu walipita hapo kuja duniani. Ikifungwa, wa kwanza ulikuwa wewe na wa mwisho ni wewe. Hilo halinihuzunishi hata kidogo.

Nilianza barua hii nikitaka ruhusa yako. Nimefika hapa nikaona siiombi tena, nakuarifu tu. Alhamisi nitatia sahihi mimi mwenyewe.

Moyo ukikataa, tutaonana wiki hii, na sitakuwa na la kukuficha. Ukikubali, itabidi ungoje sana. Nasikia kule Donholm wanajenga nyumba mpya, nami nataka kwenda kuziona kwa miguu yangu.

Lala salama, mume wangu.

Mkeo anayekupenda,
Mama Njeri