Daftari Kwanza, Vidole Baadaye

Mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba msaada, na ukiweza usicheke mpaka nimalize. Mimi ni karani wa mapokezi, chumba cha dharura, hospitali moja hapa Dodoma, na matroni alinikabidhi kitabu niandike kila mgonjwa amefika saa ngapi na ameonwa saa ngapi, ili wageni wa tathmini wajue pa kurekebisha, na chumba kinachochelewesha kiongezewe muuguzi na machela. Nikaogopa aibu. Tangu uchangiaji wa gharama za matibabu uanze mgonjwa huja na daftari lake la kuandikiwa na daktari, basi nikawa siandiki "amefika" mpaka daftari liwe mezani na daktari nimemwona mlangoni, kwa hiyo kwangu hakuna aliyesubiri zaidi ya dakika tano, nikasifiwa kikaoni, nikanunua na tai.

Mwezi uliopita mama mkwe wangu, Bi Anyesi, aliletwa kutoka Makutupora, ameumwa na nyoka kwenye shamba la zabibu. Sikuinua hata kichwa, nikasema, "Daftari kwanza," maana asiye na daftari kwangu alikuwa hajafika. Duka la jirani lilikuwa limeishiwa madaftari. Akalala mkekani saa mbili nzima, tai yangu inaning'inia juu yake. Amepona, ila vidole viwili vya mguu vimekatwa. Nami nilisahau kwamba alihitimu kisomo cha watu wazima. Siku ya kutoka alisimama mezani na gongo lake, akasoma kitabu, akaniuliza, "Mkwe wangu, mimi nilifika saa nne. Hii saa sita ni ya nani?"

Jumatatu wageni wanarudi, na chumba chetu hakimo katika orodha ya kusaidiwa. Nikisema ukweli, nahofia kazi. Nikinyamaza, machela inakwenda kwingine. Nifanyeje?

Castory, Nzuguni

Castory, nimecheka, kisha nikakumbuka vidole vya mama wa watu, nikaona haya. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe umeficha ya hospitali nzima. Pole, lakini pole yangu kubwa ni ya Bi Anyesi.

Usingoje Jumatatu. Kesho asubuhi vua hiyo tai, nenda kwa matroni, mwambie yote kabla hajaambiwa na mwingine. Huenda ukapewa onyo; lipokee. Usifute ulichoandika, wageni wakione. Omba madaftari yawekwe hapo hapo mapokezi, na saa ianze kuhesabiwa mgonjwa anapovuka geti, awe na daftari au hana.

Kisha fungua ukurasa mpya, na wa kwanza awe mkweo: amefika saa nne, ameonwa saa sita. Ukisita, mpe yeye kalamu. Anajua kuandika saa kuliko wewe.