Bei ya Baiskeli Mpya

4 Februari

Baba mpenzi,

Shikamoo. Mgongo unasemaje? Mfikishie Mama shikamoo yake kabla hujasoma zaidi, maana nakujua. Mimi mzima, kiwanda cha mashati kinanitoa jasho, lakini mkono unaenda kinywani.

Sasa kaa kitako. Mtaa wa pili kutoka kiwandani wamefungua duka la santuri. Zile zile, Baba, ulizokuwa ukifunikia ndoo za maji. Nilishika moja, nikaona bei, nikairudisha taratibu kama yai la mtu. Vijana ambao hata kaseti hawakuikuta wanazinunua na kuondoka wanacheka. Usitupe mbachao. Na ile aliyoimba Mama iondoe ukutani hapo dukani kwako, uifungie kabatini.

Mwanao,
Kitindamimba

19 Februari

Kitinda wangu,

Marahaba, na Mama amefikishiwa. Mgongo upo, tumezoeana.

Bei za muziki usinifundishe mimi. Nimeuza santuri wakati mtu akilipa kidogo kidogo, siku ya mwisho anaibeba kifuani. Ikaja kaseti, bei ya mikate miwili, mtaa mzima ukapiga kelele. Ikaja CD, mwanzo ghali kuliko viatu, mwisho inauzwa barabarani pamoja na njugu. Halafu simu zikaleta muziki wa bure, nami nikaishia kuchaji simu za watu humo humo dukani. Juzi naambiwa huo wa bure nao sasa unalipiwa kila mwezi. Nilicheka hadi mgongo ukanikumbusha.

Ya Mama haihitaji kabati. Bendi yao ilitoa santuri hiyo moja, kisha bendi ikavunjika, nami nimeitundika ili kila mteja ajue nilioa nani. Bei yake unaijua: baiskeli mpya. Kila baiskeli zikipanda bei, nabandika karatasi mpya juu ya ile ya zamani. Hajatokea mwendawazimu wa kuingiza mkono mfukoni. Bei ndiyo kufuli.

Baba yako

30 Aprili

Kitinda,

Kwa afya hatujambo. Nimechelewa kuandika kwa sababu ya aibu.

Alikuja kijana mpole, akatazama ukutani, akatoa pesa bila hata kukohoa. Nikamwambia hiyo bei ni ya zamani. Akanionyesha maandishi niliyoyapaka mwenyewe juu ya mlango, yale uliyojifunzia herufi: BEI ILIYOBANDIKWA NDIYO BEI. Nikaitungua, nikampa. Nimewarudisha wangapi kwa maneno hayo?

Mama hajui. Pale ukutani nimetundika nyingine, nimeigeuza, nasema jua linaichubua. Akianza kuimba jikoni, natoka nje. Pesa ziko kwenye mkebe, sijazigusa.

Baba yako, mjinga

17 Mei

Baba,

Shikamoo, na futa machozi. Jumamosi nilipita duka lile nikasikia sauti ya Mama inatoka dirishani. Nilisimama katikati ya njia, na watu wawili wasionijua wakasimama nami, wanasikiliza.

Ndiyo yenyewe. Karatasi zako zote bado zimeng'ang'ania kwenye jalada lake. Bei ya sasa: baiskeli mbili. Nikaomba anipunguzie, mwenye duka akasema bei ndiyo hiyo iliyobandikwa. Mkuki kwa nguruwe, Baba. Nikamwambia anayeimba ni mama yangu. Akanitazama usoni muda mrefu, kisha akakubali kuniwekea hadi mwisho wa mwezi ujao. Nimeshaanza kujibana. Lakini mwambie Mama wewe mwenyewe, asisikie kwa watu.

Mwanao,
Kitindamimba

2 Juni

Kitinda wangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote, na leo ni nyingi kweli.

Nimemwambia. Kumbe alijua tangu siku ile ile. Anasema tangu nimuoe sijawahi kujali jua linachubua nini. Alikuwa ananingoja tu niseme. Nikamsomea barua yako. Kufika kwenye baiskeli mbili, akaweka mwiko chini.

"Mbili? Basi miaka yote hii ulikuwa unanipunja."

Akacheka hadi akakaa. Kisha akataka nirudie pale watu wawili wanaposimama. Nimerudia mara nyingi, nimepashika kwa moyo. Anasema usimnunue, mtu hanunui mama yake dukani. Waache waliosimama wasimame. Pesa hizo zifanye nauli uje.

Zile za kwenye mkebe amezichukua. Alitoka asubuhi, akarudi na baiskeli mpya. Kwa ajili ya mgongo wangu, anaendesha yeye. Mimi nakaa nyuma kwenye keria na kikapu mapajani, mtaa mzima unatushangaa. Kilima cha sokoni anakipanda akiuimba ule wimbo wake, mwanzo hadi mwisho, na kwenye kiitikio anapiga kengele. Nina furaha, mwanangu, sijui niifiche wapi.

Jana nilimuuliza nauli ya keria ni kiasi gani. Akaniambia nishike vizuri.

Baba yako,
wa kwenye keria