Programu Inagomea kwa Mama

Baba Dogo, Jumapili jioni

Kaka Muthama,

Niaje huko Eldoret? Huku stima imerudi, na kuku wa Mama ametotoa vifaranga saba.

Ile programu ya Java uliyoliandikia kanisa, ya kuchapisha orodha ya akina mama, imekuwa ikizima katikati. Nikafuata ulivyonifundisha: nikasoma ujumbe wa kosa, nikatafuta mstari wa kwanza wa programu yetu uliotajwa, nikachapisha data iliyokuwemo kabla ya kufika hapo. Inagomea kwa mtu mmoja tu, Mama yetu.

Unanijua, siwezi kulala bila kujua kwa nini. Kumbe uliiandika kama tunavyoitana mtaani: inamtafuta mtoto wa kwanza wa kila mwanamke, halafu inatanguliza neno "Mama" mbele ya jina lake. Ilipofika kwa Mama yetu ikakutafuta wewe, ikakuta hakuna kitu. Rekodi inasema ulijifuta mwenyewe tarehe tatu Machi, siku ile uliyogombana na Mama ukaondoka.

Dawa yake ni rahisi. Unaongeza mstari wa kuuliza kwanza kama mtoto yupo. Akikosekana, programu inamchukua anayefuata. Anayefuata ni mimi. Nikaijaribu, ikachapisha "Mama Wavinya" bila kosa lolote. Nikampelekea Mama karatasi. Akaisoma pole pole, akaniuliza, "Na huyu ni nani?"

Nimeuondoa huo mstari. Nywila yako sijaibadilisha, ukitaka kujirudisha kwenye orodha.

Mdogo wako,
Wavinya