Nilibandika "Usifungue" kwenye kompyuta ya ofisi, sasa mwanangu anaachishwa kazi

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, na naomba uwe wa haraka, kwa sababu daktari wangu, mtu mstaarabu asiyependa kumtazama mgonjwa machoni, ameniambia nipange mambo yangu, na mimi nimesoma vya kutosha kujua kwamba daktari akikwambia upange mambo yako hazungumzii kabati la nguo. Moyo umechoka. Kutoka kitandani hadi dirishani nashika ukuta mara tatu. Akili ninayo, na mkono bado unaandika ingawa herufi zimekuwa kubwa kama za mbao za matangazo, na lipo jambo moja ambalo sitaki kuzikwa nalo, ingawa ukiniambia nizikwe nalo nitakushukuru pia.

Nilikuwa mpima ardhi kwa miaka thelathini na minane, na miaka ya mwisho nilikuwa mpima mkuu katika ofisi ndogo ya vyumba viwili, ghorofani juu ya duka la rangi, tukipima viwanja, tukisimika mawe ya mpaka na kuchora ramani. Nimesimama mahakamani mara nyingi kuliko baadhi ya mawakili kutoa ushahidi dhidi ya watu waliohamisha jiwe la mpaka hatua mbili tatu wakidhani hakuna atakayegundua, na niliwadharau watu hao kwa moyo wangu wote. Ofisini tulikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyewahi kuivunja: alama iliyowekwa na mpima haing'olewi na mtu mwingine ila yeye mwenyewe, au kwa idhini yake ya maandishi. Hata mfagizi alikuwa akifagia kwa kuzunguka chaki zangu sakafuni.

Sasa sikiliza. Kompyuta ya kuchorea ramani, nayo ilikuwa hiyo moja tu, ilianza kuzeeka, na fungu la ofisi halikutosha kununua mpya wala nusu yake, tukakubaliana tuiongezee kumbukumbu, yaani vile vibanzi viwili vya kijani ambavyo mafundi wanaviita ramu, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na bisibisi na heshima, nikatumwa kununua na kufunga. Nilinunua viwili. Nikawatoa wote chumbani kwa kisingizio cha vumbi, nikafungua kasha, nikatoa vile vidogo vya zamani, nikaweka kimoja kipya, na cha pili, mshauri wangu, nikakitia mfuko wa shati nyuma ya kalamu nikaenda nacho nyumbani, maana nilikuwa na kompyuta ya aina ileile na nilijiambia kwamba nitaandika kitabu cha maisha yangu katika upimaji na kwamba vizazi vijavyo vitakihitaji. Kisha nikalifunga kasha la ofisi, nikabandika karatasi juu ya maungio, nikaandika kwa wino mwekundu: USIFUNGUE BILA IDHINI YA MPIMA MKUU. Nikatia sahihi. Wenzangu waliporudi mashine ikawaka upesi kuliko jana yake, wakanipigia makofi, nami nikayapokea.

Kitabu kina kurasa kumi na moja. Muda uliobaki, miaka yote hiyo, nimekuwa nikicheza drafti na kompyuta.

Baadaye ofisi ilitafuta mchoraji ramani, nami nikampigia debe binti wa marehemu mdogo wangu, ambaye kwa hiyo ni mwanangu. Ana mkono mtulivu na jicho kali, anajua kazi kuliko nilivyoijua mimi katika umri wake, na ana watoto wawili anaowalea peke yake. Ramani zilizidi kuwa nzito, mashine ikazidi kukwama, na mara mbili aliniuliza, "Baba mkubwa, hii si tuifungue tuone ndani kuna nini?" Mara ya pili nikamjibu mbele ya watu, "Mashine ni kama mtu. Ikizeeka imezeeka. Wewe jifunze subira." Watu wakacheka. Nikastaafu, karatasi ikabaki palepale.

Tangu niugue yeye ndiye anayenitazama. Jioni akitoka kazini anapitia kwangu, ananipa dawa, anakaa kwenye kigoda na kunisimulia yaliyompata, na Jumamosi ananisomea gazeti hili, kwa kuwa herufi zenu ni ndogo kama chawa, naye huanzia ukurasa wako kwa sababu anapenda unavyowasema watu. Juzi aliniambia, "Leo nimebonyeza kuhifadhi, nikaenda kuchota maji, nikarudi, bado inafikiri."

"Inafikiri nini?"

"Labda inafikiria kustaafu kama wewe, baba mkubwa."

Akacheka, nami nikacheka, na kile kibanzi kilikuwa hatua nne kutoka kwenye kigoda chake. Kisha akanieleza kwamba alikuja fundi wa kusafisha feni ya mashine, akaiona karatasi, akauliza mpima mkuu ni nani. Mwanangu akamwambia, "Ni baba yangu mkubwa, anaumwa." Mkuu wa ofisi akadakia, "Basi tumsubiri apone. Alama ya mzee haing'olewi." Mkuu huyo tulimpachika jina la Bwana Dira, kwa kuwa siku zote huelekeza upande mmoja, upande wake. Ndiye huyohuyo anayesimama nyuma ya kiti cha mwanangu kila siku na kusema kwamba kobe angekuwa ameshachora na kupaka rangi.

Sasa Bwana Dira ameamua. Amepata mchoraji mwenye laptopu yake mwenyewe, hivyo ofisi haitahitaji mashine mpya wala mwanangu, na amempa barua kwamba mwisho wa mwezi huu, siku ya Alhamisi, ndio mwisho wake, sababu ikiwa ni "uzito katika utendaji". Mwanangu ameniletea barua hiyo niisome, nikamwomba anisomee yeye, akanisomea bila kulia. Halafu akasema, "Labda kweli mimi ni mzito, baba mkubwa. Mtu akiambiwa miaka yote hiyo, huenda wanaona kitu." Nilijifanya nimesinzia.

Nimefikiria kumwachia kompyuta yangu kwenye wosia, ili kibanzi kirudi kwake kimyakimya na haki itendeke bila maneno. Nimefikiria pia kunyamaza tu, kwa sababu sina mtu mwingine, na nikisema huenda asirudi tena, na sitaki siku zangu za mwisho nitazamwe kwa jicho nililokuwa nikiwatazamia wale wahamisha mawe. Niambie la kufanya. Naomba usitaje jina langu.

Mpima mstaafu

MSHAURI ANAJIBU

Mzee wangu, shikamoo. Hiyo ni ya mvi zako. Barua yako yenyewe haistahili salamu.

Umetumia aya nzima kunieleza ulivyowadharau wahamisha mawe. Hebu tuwalinganishe. Wao walihamisha jiwe gizani huku wakiogopa mbwa. Wewe ulilihamisha mchana, ukapigiwa makofi, kisha ukaweka na sahihi. Ningekuwa hakimu, ningewapa wao pole na wewe kifungo.

Na yote hayo kwa ajili ya drafti. Mzee, drafti haihitaji kumbukumbu ya kompyuta. Inahitaji kipande cha boksi na vizibo vya soda. Kompyuta yako ingebaki ilivyokuwa, na ungecheza vilevile na kufungwa vilevile, maana natumaini ilikuwa inakufunga. Hukuiba hata kitu ulichokihitaji. Mwizi wa kuku angalau hula kuku.

Wenzako nao nisiwasahau. Ofisi ya watu wazima, wenye shahada ukutani, wanaoweza kupima mlima, wameshindwa na karatasi na gundi. Bwana Dira anaheshimu alama ya mzee kuliko anavyomheshimu mtu aliyeketi mbele ya alama hiyo. Ni rahisi kumwita mtu mzito kuliko kufungua kasha.

Lakini wao hawakujua. Wewe ulijua. Ulimwambia mbele ya watu ajifunze subira, huku subira hiyo ukiwa umeitia mfuko wa shati. Na alipoanza kuamini kwamba yeye ndiye mzito, ukasinzia. Hapo ndipo niliposhindwa kukuhurumia, na nilikuwa nimeanza.

Wosia wako usahau. Unataka kumrithisha kitu cha ofisi kama zawadi, apate na kukulilia kwa shukrani. Isitoshe, wosia husomwa mtu akishazikwa, na yeye anaachishwa kazi Alhamisi ijayo. Umepima maisha yako yote. Pima na hilo.

Hofu yako ya kufa peke yako sitaicheka. Ni hofu ya haki, na pole nakupa kwa moyo. Ila huwezi kumfanya mtu akuuguze kwa kumficha anachougulia yeye.

Basi fanya hivi, na ufanye leo kabla ya dawa ya jioni. Chukua karatasi, uandike kwa hizo herufi zako kubwa kwamba ulinunua vibanzi viwili, ukafunga kimoja, cha pili ukakichukua, na kwamba unaidhinisha karatasi yako ing'olewe. Usiandike "kwa bahati mbaya". Usiandike habari za kitabu. Tia sahihi ileile. Pasipo maandishi hayo, mwanao akitokea na kibanzi mkononi watasema mwizi ni yeye, na atakuwa amelipia kosa lako mara ya pili. Kisha mpigie simu Bwana Dira, sauti ikiwa wazi, mwanao akiwa anasikia, umsomee. Akianza kukubembeleza kwamba yamepita, mwambie hayajapita, yana tarehe ya Alhamisi. Mwambie afute yale maneno ya uzito kwenye barua ya mwanao, na afute kwa maandishi, si kwa kucheka.

Kuhusu mashine yenyewe, nilimuuliza fundi ninayemwamini, na jibu lake linatosha hata mfuko mdogo. Kabla ya kugusa chochote, ramani zote zinakiliwe kwenye diski ya nje. Kisha mashine izimwe na waya uchomolewe ukutani, vumbi lipanguswe kwa brashi laini, hasa kwenye feni, na kibanzi kirudishwe mahali pake kikandamizwe hadi vishikizo vya pembeni vijifunge. Wakiona bado inasuasua, lile fungu la ofisi linunue diski moja ya kisasa, zile zisizozunguka, badala ya ile kuukuu iliyomo. Kasha, skrini na kibodi vibaki. Wasiende kumuuliza muuza kompyuta kama wanahitaji mpya, kwani muuza kompyuta hajawahi kukutana na mashine isiyostahili kutupwa. Baada ya hapo wamkalishe mwanao mbele yake wiki mbili, ndipo waseme nani kobe.

Limebaki jambo moja, ulilodhani sitaliona. Jina lako sijalitaja, kama ulivyoomba. Lakini umeniandikia mwenyewe kwamba binti huyo ndiye anayekusomea ukurasa huu, na kwamba ndio anaoanza nao. Mtu aliyepima ardhi miaka thelathini na minane hakosei hatua kiasi hicho. Ulijua ni sauti ya nani itakayoisoma barua yako. Ulitaka niseme mimi, na wewe ulale hapo ukijifanya umeshangaa. Ni woga, mzee wangu, ila safari hii umekimbilia upande unaostahili, nami nimeupokea.

Basi, binti, wewe unayesoma. Najua ulishatambua tangu lilipotajwa duka la rangi, na kama umefika hapa bila kulitupa gazeti, hiyo subira hukufundishwa na yeye. Hukuwa mzito. Ulipewa nusu ya mashine ukafanya kazi nzima. Nenda hatua zako nne, ifungue hiyo kompyuta yake huku anakuangalia, utoe kilicho cha ofisi. Mpe kalamu akae aandike, na usimsaidie hata neno moja. Kama Jumamosi ijayo utarudi kwenye hicho kigoda kumsomea tena au hutarudi, hilo ni lako. Hukuniuliza, na yeye kwa sasa hana haki ya kukuuliza.

Jumatatu fika mapema, uing'oe ile karatasi kwa mkono wako. Wakikuuliza idhini umepewa na nani, waonyeshe karatasi yake, na kama aliikataa kalamu, waonyeshe ukurasa huu. Aliyeiweka alama ameshaandika.